Limi na Chumvi ya Maduhu

Limi alipoolewa na Maduhu mwaka wa arobaini, watu wa Mwanhembe walisema mahari yake ilikuwa ng'ombe kumi na wawili na mzigo mmoja wa chumvi. Ng'ombe kila mtu alitoa. Ni ule mzigo wa chumvi uliomfanya mama yake Limi apige vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Siku hizo chumvi haikuwa kitu cha kuchotewa dukani kwa kikombe. Vijana wa Kisukuma waliifuata kwa miguu mpaka ziwa Eyasi, upande wa mawio ya jua, wakilala porini na kusikiliza simba. Kwenda ilikuwa siku saba, kurudi siku kumi, maana anayerudi ana mzigo begani, na chumvi ikikutana na jasho inauma ngozi kama siafu. Kijana aliyerudi kutoka chumvini hakuitwa mtoto tena. Maduhu alikwenda mara tatu. Mara ya tatu hakupita kwao kwanza. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mama yake Limi, akautua mzigo mlangoni, akasema, "Mama, nimechoka. Naomba maji. Binti yako nitakuja kumwomba nikishalala."

Katika mzigo ule mama mtu alimjazia Limi kibuyu kidogo cha shingo nyembamba, akamfungia kwa kamba ya ngozi. "Mwanaume aliyekuja na chumvi," alimwambia, "usije ukamlisha chakula chapwa hata siku moja."

Limi aliyashika maneno hayo miaka arobaini. Kibuyu kilining'inia juu ya mafiga, na kilipopungua kilijazwa, kwanza kwa chumvi ya Eyasi, baadaye kwa chumvi ya dukani. Maduhu naye alikuwa na desturi yake. Hakuonja kwanza. Limi akishaleta chakula, na yeye akishanawa tu, anamnyooshea mkono. "Mama Kalisti, kibuyu." Anamimina kiganjani, ananyunyiza kwenye mboga, na kilichobaki kiganjani anakilamba, macho ameyafumba kama mtu anayesikiliza habari njema. Wenzake walimwita Mzee Chumvi, naye aliitika.

Kisha kaka yake Maduhu alianguka. Alikuwa shambani akipalilia pamba, asubuhi kweupe, akaanguka na jembe lake, mdomo ukaenda upande mmoja. Hakusema neno mpaka wanamzika. Maneno yalisemwa mengi pale matangani, ya nani kamwendea nani kwa mganga gani. Limi hakuchangia. Aliosha vyombo, akamtazama mume wake aliyefanana na yule marehemu kama pande mbili za kibuyu kilichopasuliwa, na hofu ikaingia ndani yake ikakaa.

Mwaka wa themanini, vita vya Kagera vimekwisha, Maduhu alianza kuumwa kichwa. Si kichwa cha jua. Ni kisogoni, asubuhi, kabla hata hajatoka nje. Kalisti, kifungua mimba wao, alikuwa kaja likizo kutoka Shinyanga mjini, alikofanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Alimpakia baba yake kwenye baiskeli akampeleka zahanati. Limi alifuata kwa miguu, na walifika karibu sawa, maana tairi la Kalisti lilitoboka mara mbili njiani.

Zahanati ilikuwa na nesi mpya. Aliitwa Mektilda, mfupi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe si wa hapa. Unaongea kama watu wa magharibi."

"Mimi wa Ushirombo, baba. Msumbwa."

"Ehee! Wasumbwa!" Maduhu alisahau kichwa chake. "Nyie wenye chumvi ya Uvinza, ya kuchemsha chunguni kama uji wa mgonjwa! Sisi tulikuwa tunaikwangua ziwani wenyewe."

"Babu yangu aliibeba hiyo ya uji, baba. Akawauzia Wasukuma walioogopa simba wa Eyasi."

"Msumbwa aniambie mimi habari za simba!"

Walicheka wote, na wakati wanacheka Mektilda alikuwa ameshamfunga ule mpira wa kupimia mkononi. Akapampu. Akasikiliza. Kicheko kikamwisha. Akapampu tena.

"Mia mbili na kumi," alimwambia Kalisti polepole. "Ya chini mia na ishirini."

Limi hakuzijua hesabu hizo. Ila aliona jinsi nesi alivyokiweka chini kile kipimo, taratibu, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku, akajua.

"Baba, hii ni presha. Damu yako inakwenda kwa nguvu mno. Umewahi kuuona mto unapojaa masika, unavyosukuma kingo? Sasa mishipa ni kingo. Ukipasuka wa kichwani, mtu anaanguka. Mkono unakufa, mdomo unakwenda upande."

"Kama kaka yake," alisema Limi.

"Alianguka?"

"Shambani. Asubuhi."

"Inawezekana ilikuwa hii hii, mama. Sikumpima, kwa hiyo siwezi kuapa." Akahesabu vidonge kwenye karatasi. "Kimoja kila siku, hata akijisikia mzima. Kila mwezi aje nimpime. Na chumvi, mama. Chumvi inazuia maji yasitoke mwilini, damu inajaa, inasukuma. Kwa hali yake, ya kunyunyizia hapana kabisa, na ya kupikia bora umwachishe kwanza."

Maduhu akatikisa kichwa. "Binti, unalipiza kisasi. Unanikataza ya Eyasi ili nikale ya Uvinza."

"Hata ya Uvinza, baba. Niahidi."

Akaahidi. Alikuwa mtu wa kuahidi mara chache, na Limi alijua.

Walipofika nyumbani Limi alikishusha kibuyu kutoka juu ya mafiga, akakifunga mdomo kwa mafundo matatu, akakifukia ndani ya kihenge, chini ya mtama. Maduhu alisimama akaangalia kigingi kilichobaki kitupu.

"Mama Kalisti, hata kukitazama nimekatazwa?"

"Hata kukitazama."

Sasa, kwa Wasukuma wa siku zile mwanaume hakulia chakula chake chumbani. Kulikuwa na shikome, uwanja wa moto wa wanaume mbele ya nyumba. Jua likishuka, wanaume wa kaya nne tano wanakaa pale, kila mke anapeleka ugali wake na bakuli lake la mboga, na wote wanakula vyote. Mke hakai nao. Anasubiri bakuli lirudi. Likirudi limepanguswa, analala na amani. Likirudi na mboga, hata wasipomwambia neno ameshaambiwa.

Bakuli la Limi halikuwahi kurudi na mboga. Jioni ile lilirudi limejaa, limeliwa pembe moja tu.

Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Tarsisi, jirani yao ambaye ujanani alikwenda chumvini pamoja na Maduhu, alipaza sauti makusudi, "Shemeji! Mlenda huu umetupikia au umetufulia mashati?"

Wanaume wakaangua kicheko. Limi alikuwa nyuma ya kihenge akiokota kuni, uso ukamwaka moto. Halafu akamsikia Maduhu.

"Nyie kuleni ya wake zenu. Hili bakuli ni langu."

"Hata nsansa hii ya kwangu huionji? Imekolea!" Tarsisi alimsogezea bakuli lake la mboga ya majani makavu.

"Nilimwahidi yule Msumbwa. Kilichopikwa na Mama Kalisti ndicho ninachokula."

Limi alikaa pale na kuni zake kifuani mpaka akasahau alikuja kufanya nini. Mzee Chumvi, katikati ya mabakuli manne yaliyokolea, anakula la kwake lisilo na ladha, tena bila kukunja uso.

Lakini hakuwa akila kitu. Mtu wa matonge kumi alikuwa akila matatu, ananawa. "Nimeshiba." Mabega yaliyobeba chumvi ya Eyasi yakaanza kuonyesha mifupa. Limi akamlilia Mungu na mizimu ya kwao, wote kwa pamoja, maana hakujua ni nani anayeshughulikia mambo ya chumvi.

Mwaka uliofuata chumvi ikaadimika yenyewe. Dukani hakuna, sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna. Wanawake wa Mwanhembe wakarudi kwenye mambo ya mama zao: walitoka alfajiri na nyungo mpaka mbugani, kule ng'ombe wanakolamba ardhi, wakafagia magadi yaliyochanua juu ya udongo kama unga, wakayachuja, wakayakausha.

Limi naye alikwenda. Nesi alikuwa amekataza chumvi. Magadi si chumvi, hilo mtoto mdogo analijua. Chumvi inatoka ziwani kwa bega la mwanaume. Magadi yanafagiwa na wanawake kulainishia mlenda na maharage, na yakibaki wazee wanasagia ugoro. Akatia chembe kidogo. Maduhu akala matonge matano. Akaongeza. Akala saba. Kufika mavuno Limi alikuwa akitia kiganja kizima, mchana na jioni, na bakuli lilikuwa likirudi kutoka shikomeni limepanguswa mpaka udongo wake unang'aa.

"Shemeji!" Tarsisi alipiga kelele. "Mkono wako ulikuwa safarini? Karibu nyumbani!"

Maduhu alimwuliza, "Umetia nini, Mama Kalisti?"

"Magadi tu, kama kila mtu."

"Magadi hajayakataza," alisema Maduhu, akakata tonge lingine. Mashavu yakamrudi. Ilikuwa miezi mizuri ile. Limi aliimba akitwanga.

Ila kipimo cha Mektilda hakikuimba naye. Mwanzo kilikuwa kimeshuka mpaka mia na sabini. Kikapanda. Mia na tisini. Kisha mia mbili na tano.

"Baba, vidonge unameza?"

"Kila asubuhi. Mama Kalisti anasimama mbele yangu kama askari."

"Basi unaiba chumvi. Ya magendo haikosekani."

"Sijagusa."

"Baba, mimi si mtoto. Hapo shikomeni mna mabakuli mangapi?"

Maduhu aliinuka. Alivaa kofia yake, akatoka.

Njiani Limi alitembea nyuma yake, na ile hofu ya siku ya matanga ikawa hasira. Yeye Limi anajisumbua kwa ajili ya nani, anafagia mbugani alfajiri kwa ajili ya nani, na mwenzake akiwa gizani anachovya nsansa ya Tarsisi? Alipoona zahanati imepotea nyuma ya michongoma akasema.

"Unakula kwenye mabakuli ya wenzako."

Maduhu akasimama. Alimgeukia, na macho yake hayakuwa na ukali wowote. Ingekuwa afadhali yangekuwa nao.

"Mama Kalisti," alisema. "Miaka arobaini na moja."

Wakaenda nyumbani mmoja mbele, mmoja nyuma, kama watu waliokutana njiani. Limi alikifukua kibuyu kwenye kihenge akatazama mafundo yake. Matatu, kama alivyoyafunga. Hata hivyo hakumwambia neno la kumpoza. Wiki tatu walisalimiana asubuhi, wakaulizana habari za ndama, basi.

Asubuhi moja Maduhu alikuwa zizini akikamua. Limi akasikia kibuyu cha maziwa kinaanguka. Alipotoka akamkuta mume wake amesimama, anautazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. Maziwa yalikuwa yakiingia kwenye samadi.

"Aaa... hautaki," alisema Maduhu, na neno likatoka zito, kama lenye tope.

Limi hakupiga yowe. Alimshika kiunoni, akamkalisha kwenye kivuli cha boma, akamtuma binti wa Tarsisi kwa baiskeli akamwite nesi. Akakaa amemwegemeza kifuani, akimwangalia mdomo. Usiende upande. Usiende upande. Hicho tu ndicho alichokuwa akikisema moyoni.

Mektilda alifika jasho linamtiririka. Alipima, akampa dawa, akamwinua mkono, akamwambia acheke. Maduhu akacheka nusu. Kufika adhuhuri maneno yalikuwa yamerudi sawa, mkono ulianza kukunja vidole, ingawa kushika haukushika.

"Leo imetupitia karibu," Mektilda alimwambia Limi pembeni. "Ikirudi, mama, sijui kama itapita tena." Halafu akavua viatu vyake. "Mimi sirudi zahanati sasa hivi. Nipe kigoda nikae jikoni kwako. Pika kama unavyopika siku zote, usinifiche kitu."

Limi akapika. Akachemsha maji, akatia mlenda, akanyanyua kifuniko cha chungu kidogo pembeni ya mafiga, akachota kiganja cha unga mweupe.

"Ngoja. Hiyo nini?"

"Hii? Magadi tu."

"Yote hayo?"

"Ndiyo anavyopenda."

"Kila siku?"

"Mchana na jioni. Tangu chumvi ilipopotea dukani. Si ulikataza chumvi, nikamtafutia njia..." Mektilda alikuwa ameufunika uso kwa mikono.

"Mama yangu," alisema Mektilda alipoiondoa. "Hata kwetu Ushirombo tunapikia magadi. Nimekua nayo. Na sikukuuliza! Nimemsingizia yule mzee wizi, kumbe sikuuliza." Akamshika mkono wenye magadi. "Chumvi na magadi ni ndugu. Kile kilichomo kwenye chumvi, kinachozuia maji mwilini na kupandisha damu, na humu kimo. Ulimi hauoni sana, lakini mwili unaona."

Limi akakaa chini, palepale kwenye majivu. Mtu angedhani angelilia magadi. Hakuyalilia. Aliiona ile njia ya kutoka zahanati, michongoma, na mume wake akimgeukia. Miaka arobaini na moja.

"Alikuwa anakula la kwangu tu," alisema. "Alikuwa anakula la kwangu tu, nesi, na ndani ya la kwangu ndimo ilimokuwa."

"Hukujua, mama."

"Ya magadi sikujua. Yeye nilikuwa namjua."

Mektilda alisimama. Alimwaga mlenda ule, akamsaidia kupika mwingine. Wakaponda karanga, wakatia nyanya, na Mektilda akauliza kama kuna ukwaju. Shinyanga, mikwaju imejaa kila njia, ukaulizie ukwaju! Wakauloweka, wakaukamua, wakautia kwenye mlenda ulipotaka kuiva.

Jua liliposhuka Maduhu aliomba apelekwe shikomeni kama kawaida. Hakutaka kulala ndani kama maiti. Limi akapeleka ugali, akapeleka na bakuli. Kisha hakuondoka. Akapiga magoti hapohapo mbele ya wanaume.

"Shemeji, kuna msiba?" Tarsisi aliuliza, kwa mara ya kwanza bila utani.

"Hakuna msiba. Nina neno, nalisema mbele yenu kwa sababu mbele yenu ndipo alipochekwa kwa ajili ya bakuli langu." Alimtazama Maduhu. "Baba Kalisti, nilikuambia unaiba. Hukuiba. Kilichokupandisha damu ni magadi yangu, nimeyatia mimi kwa kiganja changu, sikujua kama ni ndugu wa chumvi. Hilo ni la kutojua. Lakini kukudhania wewe, hilo sikulifanya kwa kutojua. Nisamehe."

Kuni zilialika kwenye moto. Maduhu alinyoosha mkono kuelekea kwenye ugali, mkono wa kulia, vidole vikagusa, havikushika. Akaurudisha pajani. Mkono wa kushoto kwenye chakula cha pamoja hakuna mtu anayeutia, na yeye hakuutia. Wenzake wakatazama chini.

Ndipo Limi akafanya jambo ambalo Mwanhembe walikuwa hawajaliona. Alinawa, akakata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachovya kwenye bakuli lake, akamlisha mume wake pale pale mbele ya wanaume, kama anavyolishwa mtoto.

Maduhu akatafuna. Jicho moja likajifumba, shingo ikaingia mabegani.

"Umetia nini tena?"

"Ukwaju."

"Mama Kalisti, hii kitu inataka kunivua meno."

"Si chumvi. Wala si magadi."

Akameza. "Miaka arobaini na moja," alisema, na safari hii alikuwa akicheka, kicheko kizima, cha pande zote mbili za mdomo. "Na leo ndiyo umenilisha. Kumbe ilibidi mkono ufe kwanza. Lete jingine."

Tarsisi alisogea akachovya kwenye bakuli lilelile, akakunja uso mpaka machozi yakamtoka. "Shemeji," alisema, "sisi wengine tumekosa nini?" Lakini akachovya tena, na bakuli likarudi limepanguswa.

Mkono ulirudi taratibu, ukaweza tonge, ukaweza jembe la palizi, kukamua haukuweza tena. Kipimo nacho kilishuka, na Mektilda akawa anawauliza wagonjwa wake wote wanapikia nini kabla hajawauliza wanaumwa nini. Maduhu aliishi miaka saba zaidi, na hakuanguka kama kaka yake. Homa ya mapafu ndiyo iliyomchukua, akiwa kitandani kwake, anaongea vizuri mpaka siku ya mwisho.

Katika miaka hiyo saba kibuyu kilirudi kwenye kigingi chake. Limi alikifungua mafundo, akamwaga kilichokuwa ndani, akakisuuza, akakijaza ukwaju mkavu uliosagwa. Jioni Limi akipeleka bakuli shikomeni, Maduhu akishanawa alinyoosha mkono uleule.

"Mama Kalisti, kibuyu."

Alimimina kiganjani, akanyunyiza, akalamba kilichobaki, akakunja uso.

"Si chumvi," alisema kila siku.

Naye Limi kila siku alijibu, "Najua, baba," akasogeza bakuli karibu yake.